Je, wajua ni nini kilichowaua mabaharia wa Vasco da Gama kabla na baada ya kufika Malindi?

Mtunzi wa hadithi za upelelezi akitaka mji mdogo na vifo visivyoeleweka, Malindi ya mwaka 1499 inamfaa sana. Tarehe 7 Januari merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga hapo zikitoka Uhindi. Njiani walikuwa wamekufa watu wapatao 30, na katika kila merikebu waliobaki na nguvu za kufanya kazi walikuwa saba au wanane tu. Mmoja wa wasafiri aliandika alichokiona: fizi zilivimba zikafunika meno, mtu akashindwa kula, kisha miguu na mwili vikavimba, mpaka akafa.

Mshukiwa wa kwanza angekuwa mfalme wa Calicut, mji wa Uhindi walikotoka, aliyekuwa amegombana na Wareno kuhusu ushuru. Lakini sumu gani hiyo iue mtu mmoja mmoja kwa wiki nyingi katikati ya bahari?

Mpwani angeuliza kwanza walisafiri lini. Walipokwenda, waliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 pamoja na rubani waliyepewa na mfalme wa Malindi. Kusi lilikuwa linaanza, wakavuka kwa siku 23. Kurudi, waliingia bahari kuu tarehe 5 Oktoba, wakati wa maleleji: kusi limekwisha, kaskazi halijashika. Nahodha anayezijua pepo hizi angesubiri. Wao walihangaika karibu miezi mitatu, mara upepo wa mbele, mara shwari tupu.

Hapo ndipo muuaji alipopata nafasi. Jina lake kiseyeye. Mwili wa binadamu haujitengenezei vitamini C, na akiba yake huisha kwa mwezi mmoja hadi mitatu. Ikikosekana, mwili hushindwa kutengeneza kolajeni, inayoshikilia ngozi, fizi na mishipa ya damu. Damu huvuja ndani kwa ndani, meno hulegea, hata kovu la zamani huweza kufumuka. Biskuti kavu na nyama ya chumvi hazimwokoi mtu.

Kinachonifurahisha ni ushahidi wa mwandishi yule. Aprili 1498 mfalme wa Mombasa aliwapelekea machungwa, ndimu na miwa. Wagonjwa wakapona, naye akausifu uzuri wa hewa ya Mombasa! Walipofika Malindi mwaka uliofuata, wagonjwa wenyewe waliyatamani machungwa, na da Gama akamtuma mtu pwani kuyaleta. Wengi walikuwa wameshazidiwa, wakafia hapo hapo. Safari hii hewa ikalaumiwa. Mara zote mbili machungwa yalikuwa mbele ya macho yake.

Waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Siku chache baadaye, kwenye pwani ya Tanga ya leo, waliichoma moto São Rafael, wakagawana katika mbili zilizobaki.