Je, wajua? Ghala la programu lisilo na muuzaji

Ukijenga kivinjari kama Chromium kutoka kwenye msimbo wake, kompyuta ya kawaida itahangaika kwa saa nyingi, feni ikivuma. Watumiaji wa Nix, kisimamizi cha vifurushi (programu ya kusakinisha programu nyingine) alichokianzisha Eelco Dolstra huko Utrecht, Uholanzi, mwaka 2003, huvipata vifurushi vingi vikiwa vimeshajengwa. Vinatoka kwenye kache, yaani ghala la vilivyokwisha kujengwa, na kache hiyo ni folda tu ya faili zilizotulia. Haina hifadhidata wala programu ya kupokea maombi na kuyachambua. Sasa kompyuta yako inajuaje ichukue faili ipi?

Siri iko kwenye jina. Kabla ya kujenga chochote, Nix huchukua viambato vyote, yaani msimbo, kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa), maktaba, hata vigezo vya ujenzi, na kuvikokotoa mpaka vitoe alama 32 za herufi na tarakimu. Gusa kiambato kimoja, jina linageuka. (Humo hutaona e, o, t wala u. Ziliachwa makusudi, matusi yasije yakajiandika yenyewe.) Kwa hiyo kompyuta mbili zisizojuana, zikianza na viambato vilevile, hufikia jina lilelile. Yako inaomba faili yenye jina hilo na mkia wa .narinfo. Ikijibiwa 404, yaani faili haipo, basi, inajenga yenyewe.

Faili ya .narinfo ni kama hati ya mzigo: mzigo uko wapi, una ukubwa gani, unategemea vifurushi gani, na nani kautia saini. Mzigo wenyewe ni faili ya .nar, mara nyingi imebanwa kwa xz ili ipungue ukubwa.

Kutengeneza kache yako ni amri moja (result ni kifurushi ulichokwisha kujenga):

nix copy --to file:///srv/kache ./result

Folda ikishajaa, iweke nyuma ya seva ya wavuti kama nginx au hata kwenye flashi. Mimi flashi ndiyo inanifurahisha: mmoja ameunguza bando, wenzake wananakili bure.

Saini ndiyo huwasumbua wengi. Unatengeneza jozi ya funguo kwa nix-store --generate-binary-cache-key; wa siri, wa kutilia saini, unabaki kwako, wa umma unaandikwa kwenye mpangilio wa trusted-public-keys wa kila kompyuta. Ukisahau, faili itakuwepo na jina litalingana, lakini Nix itaipita kama haijaiona. Litapita onyo, kisha utasikia feni imeanza.