Je, wajua kwa nini mwimbaji mtoto huharakishwa kupanda jukwaani?

Usiku wa tarehe 10 Agosti 2010, msichana wa miaka 10 kutoka Pittsburgh, Marekani, alisimama kwenye jukwaa la America's Got Talent, shindano la vipaji la televisheni, akaimba wimbo wa opera "O mio babbino caro". Jina lake Jackie Evancho. Sauti iliyomtoka ilikuwa nzito na pevu kiasi kwamba baadhi ya watazamaji walikataa kata kata: huyu anachezesha midomo tu, sauti imewekwa. Kesho yake, kwenye kipindi cha matokeo, akaombwa apandishe na kushusha sauti papo hapo, bila muziki. Akafanya hivyo, na ubishi ukaishia hapo.

Kwenye fainali ya Septemba alishika nafasi ya pili, nyuma ya Michael Grimm, mwimbaji mtu mzima. Lakini angalia kalenda. Tarehe 16 Novemba, miezi miwili tu baadaye, CD yake fupi ya nyimbo nne ilikuwa madukani kuwahi Krismasi, ikaingia moja kwa moja nafasi ya 2 kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani. Juni 2011 ikafuata albamu kamili chini ya mtayarishaji David Foster, nayo ikafika nafasi ya 2. Tayari matamasha yalikuwa yameanza. Mambo ambayo mwanamuziki mtu mzima huyapanga kwa miaka yalibanwa ndani ya miezi kumi. Haraka yote hiyo ya nini?

Kwanza, hakuna aliyeibuka usiku mmoja. Evancho alianza kuimba akiwa na miaka saba, baada ya kutazama filamu ya The Phantom of the Opera na familia yake. Mwaka 2009 alikuwa amekwisha kurekodi albamu yake mwenyewe. America's Got Talent yenyewe alikuwa ameshaijaribu mara mbili akakataliwa. Safari hii aliingia kwa kutuma video ya YouTube. Televisheni haimpiki mtoto. Humpokea akiwa ameiva, ikamwashia taa.

Na wimbo wenyewe haukuchaguliwa kwa kubahatisha. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2013, Amira Willighagen wa miaka 9 alisimama kwenye Holland's Got Talent, akaimba wimbo ule ule, akashinda shindano zima. Mtunzi Mwitaliano Puccini aliutunga kwa ajili ya opera yake fupi, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa, iitwayo Gianni Schicchi, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza New York mwaka 1918. Ni wimbo wa kama dakika mbili na nusu, kwa hiyo hauhitaji kukatwa sana ili uenee ndani ya muda wa televisheni. Unaanza kwa utulivu, kisha unaruka juu ghafla, na pale panaporuka ndipo kamera humgeukia jaji aliyeachama mdomo. Maneno yake, kwa kweli, si ya mtoto hata kidogo: binti anamsihi baba amruhusu kumpata kijana ampendaye, la sivyo atajitupa mtoni. Bahati nzuri ni ya Kiitaliano.

Kuna kifaa kingine ambacho watu wanakiona lakini hawakitazami: kipaza sauti. Mwimbaji wa opera aliyefunzwa huimba bila kipaza sauti, na sauti yake hupenya juu ya okestra nzima hadi kiti cha mwisho. Hiyo ni kazi ya kifua na misuli ya mtu mzima, na ya miaka ya mafunzo. Mtoto wa televisheni anaimba laini, kipaza sauti kinabeba yaliyobaki. Kwa hiyo si haki kumwita mwimbaji wa opera, na si haki pia kumdharau. Anafanya kitu cha namna yake, na kitu hicho kina muda wake wa kwisha.

Hapo ndipo penye kiini. Sauti hutoka kwenye zoloto, kule kooni, ambako nyuzi mbili za sauti hugongana na kutetemeka hewa ikipita. Za mtoto ni fupi na nyembamba, kwa hiyo hutetemeka haraka: mtoto akizungumza kwa kawaida ni kama mara 250 hadi 300 kwa sekunde, mwanamke mzima kama 200, mwanamume kama 120. Kubalehe kunapokuja, zoloto hukua na nyuzi hurefuka. Sauti ya mvulana hushuka kama oktavu nzima, yaani kutoka do ya juu hadi do ya chini, na katikati ya safari hiyo humgeuka bila taarifa, akitaka kupanda inakwaruza. Aled Jones wa Wales aliingia kwenye tano bora za Uingereza mwaka 1985 kwa wimbo "Walking in the Air" akiwa na miaka 14. Alipofikisha 16 sauti ile ilikuwa imekwisha kwenda, na ilimbidi asubiri utu uzima ili aanze upya na nyingine.

Wengi hudhani wasichana wamesalimika. Hawajasalimika, ila kwao mabadiliko ni ya kimya kimya. Sauti hushuka kidogo tu, lakini kwa muda nyuzi hazifungani sawasawa kwa nyuma, hewa inavuja, na sauti iliyokuwa safi kama kengele inapata mvumo wa pumzi. Msichana akilazimisha kuimba kwa nguvu katika kipindi hicho, anajitafutia vinundu kwenye nyuzi, mfano wa sugu kwenye kiganja cha mkulima. Kwa hiyo anayesaini mkataba na mwimbaji wa miaka 10 anajua anauza sauti ambayo baada ya miaka mitatu au minne haitakuwa ile. Ongeza kwamba kumbukumbu ya mtazamaji ni fupi zaidi: msimu ujao wa shindano utaleta mtoto mwingine.

Na pesa? Zawadi ya America's Got Talent hutangazwa kuwa dola 1,000,000, lakini maandishi madogo mwishoni mwa kipindi husema hulipwa kidogo kidogo kwa miaka 40, au mshindi achukue kwa mkupuo kiasi kilichopunguzwa. Piga hesabu: ni dola 25,000 kwa mwaka, kabla ya kodi. Grace VanderWaal, aliyeshinda mwaka 2016 akiwa na miaka 12, kama angechagua njia ya kwanza angemaliza kulipwa akiwa amevuka miaka 50. Mshindi wa pili ndiyo kabisa, hana hata hiyo. Ndiyo maana ziara ni muhimu kuliko kombe. Kwenye ziara kila tiketi ni pesa, na nje ya ukumbi CD zinauzwa kwa watu ambao machozi hayajawakauka.

Ziara ya mtoto, hata hivyo, haifanani na ya bendi ya watu wazima. Evancho aliimba na okestra za miji aliyofika, mtindo wenye akili: nota hutangulia, okestra ya mji inajifunza, mwimbaji anafika na kufanya nayo mazoezi, jioni tamasha. Okestra hupiga vipande vyake peke yake, na mtoto anapumzika nyuma ya pazia akinywa maji. Pesa za mtoto nazo zina ulinzi wake: huko California, Marekani, sheria iliyopitishwa mwaka 1939 na kukazwa mwaka 2000 inataka asilimia 15 ya kipato cha msanii mtoto iwekwe kwenye akaunti isiyoguswa na mtu mpaka atimize miaka 18. Ilitokana na kisa cha Jackie Coogan, nyota mtoto wa filamu za kimya, aliyefikia utu uzima akakuta mama yake na baba wa kambo wametumia karibu kila kitu.

Si kila mtu huendekeza haraka hii. Connie Talbot alipofika fainali ya Britain's Got Talent mwaka 2007 akiwa na miaka 6, kampuni kubwa ya muziki iliyokuwa ikizungumza naye ilijiondoa kwa sababu ya umri wake. Studio ndogo ikamchukua, albamu ikatoka Novemba ile ile, na mwaka 2008 alikuwa akiimba Asia. Mkubwa akiogopa, mdogo anaokota.

Mchezo huu una umri mkubwa kuliko intaneti. Gladys Knight alishinda shindano la televisheni la Ted Mack mwaka 1952 akiwa na miaka 7, akaja kuwa miongoni mwa sauti kubwa za soul, muziki wa Wamarekani Weusi. Mwaka 1974 Lena Zavaroni, mtoto wa miaka 10 kutoka kisiwa cha Bute, Scotland, alishinda Opportunity Knocks, shindano la televisheni la Uingereza, wiki tano mfululizo, enzi ambazo kura zilitumwa kwa posta. Albamu yake iliingia kumi bora, akapelekwa Hollywood, akaimba Ikulu ya Marekani. Akiwa na miaka 13 tayari alikuwa na ugonjwa wa kujinyima chakula. Alifariki mwaka 1999, ana miaka 35.

Evancho naye sauti ilibadilika, kama ilivyotarajiwa. Akajaribu nyimbo za pop, akaimba wimbo wa taifa siku Donald Trump alipoapishwa mwaka 2017, na mwaka 2022 akatoa albamu ya nyimbo za mwimbaji na mtunzi Joni Mitchell. Kati ya hapo, mwaka 2020, alirudi kwenye mashindano ya televisheni, mara hii The Masked Singer, ambako washiriki huimba wakiwa wamefichwa na majaji hukisia ni nani. Alivaa kinyago cha paka. Uso ambao Marekani nzima iliutazama ukiwa na miaka 10 ulikuwa chini ya manyoya, na majaji walibaki kuisikiliza sauti.