Ubunifu shirikishi wa watoto: kupanga kiwanja kwa kalamu, udongo na chokaa

Sikukuu ikifika, mtoto wa mjini Unguja anajua pa kwenda: Mnazi Mmoja, nguo mpya mwilini na pesa ya sikukuu mkononi. Siku nyingine za mwaka anacheza panapopatikana. Uchochoroni, kwenye baraza za watu mpaka afukuzwe, au katika nafasi zilizo baina ya majumba ya Michenzani, ikiwa magari hayajatangulia kuegeshwa. Ubunifu shirikishi wa watoto unahusu siku hizo nyingine. Maana yake ni kupanga mahali pa wazi pa mtaa ili pachezeke kila siku, na mtoto mwenyewe awemo katika kupanga tangu karatasi iko tupu.

Kwa watu wazima jambo hili halina ugeni. Msanifu anakaa na watakaolitumia jengo, wanajadiliana, mchoro unabadilika. Kwa mtoto wa miaka saba njia hiyo haifiki mbali. Ramani ya msanifu haisomi, dodoso halijazi, na katika mkutano wa shehia, yaani wa mtaa ulio chini ya sheha, hatasema neno mbele ya wazee, kwa sababu ndivyo alivyofunzwa adabu. Basi anapewa kazi anayoiweza: kuchora, kufinyanga, kuigiza, kupiga picha. Sanaa hapa ni njia ya kukusanya maoni. Kupamba ukuta ni kazi nyingine, tutaifikia.

Kisheria msingi upo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991, unasema katika kifungu cha 12 kwamba mtoto asikilizwe katika mambo yanayomhusu, na kifungu cha 31 kinataja haki yake ya kucheza na kushiriki sanaa. Zanzibar ina Sheria yake ya Mtoto ya 2011.

Sasa kazi yenyewe. Aghalabu huanza na mchoro wa njia: mtoto anachora safari yake kutoka nyumbani mpaka skuli au chuoni, yaani madrasa, anaweka kila anachokipita. Tuseme mmoja amechora mstari mweusi mnene unaokata karatasi nzima. Mtu mzima ataona barabara. Ukikaa naye chini ukamuuliza, atakwambia ni mtaro ulio wazi, na kwamba mdogo wake alishawahi kutumbukia humo. Kwa hiyo mchoro haufasiriwi na aliyekuja kuukusanya. Anauliza “hiki nini?”, anaandika jibu kwa maneno ya mtoto yaleyale, anaacha kuongeza lake. Kuna tabia ya kuzibeba karatasi zote ofisini kisha kuzikalia kikao cha wataalamu. Kwa maoni yangu hapo ndipo nusu ya habari inapopotea.

Baada ya mchoro unakuja mfano wa kiwanja. Vifaa havina haja ya kuagizwa: maboksi, vifuu, vijiti, udongo wa mfinyanzi, vipande vya kanga kuukuu. Faida yake ni kwamba kitu kinahamishika. Mtoto anaweka pembea hapa, mwenzake anaisogeza, wanagombana, wanapatana. Aliyekaa pembeni na daftari anaandika sababu za kugombana, maana sababu hizo zina thamani kuliko mfano uliokamilika.

Hatua ninayoipenda zaidi ni ya chokaa. Watoto wanapelekwa kwenye kiwanja chenyewe, wanamwaga chokaa chini na kuchora kila kitu kwa ukubwa wake halisi, saa ileile ambayo huwa wanacheza. Hapo mambo yanajitokeza yenyewe. Pembea iliyokaa vizuri kwenye karatasi inaonekana kumbe inarukia njia ya wachota maji waendao mferejini, kwenye bomba. Kivuli cha mti wa mkungu, ambacho msanifu alikiona saa nne asubuhi, saa kumi alasiri kimeshahamia upande wa pili.

Na sakafu je? Wafadhili na makandarasi wengi hupenda kutandaza vitofali vya saruji kiwanja kizima, maana pakipigwa picha panapendeza. Mchezaji wa gololi anataka ardhi tupu ya kuchimba kishimo. Wachezaji wa nage wanataka mchanga na nafasi ya kurushiana mpira. Wa mdako wanataka sakafu laini yenye kivuli ambapo watatu wanne wanaweza kukaa. Bao linahitaji mashimo 32 tu na mahali pa kuinama. Saruji ikitandazwa kote, michezo miwili kati ya hiyo imekwisha hapo hapo, na hakuna atakayejua isipokuwa aliyeulizwa kabla.

Mpira wa miguu ukiachiwa unakula kiwanja chote, na wavulana wakubwa ndio wenye mpira. Ndiyo maana vikundi hugawanywa: wasichana peke yao kwanza, wadogo peke yao, halafu wote pamoja. Saa nazo zinataka kuangaliwa. Kuna skuli za mkondo wa asubuhi na wa mchana, kuna chuo, na msichana ana vyombo vya kuosha nyumbani. Kikao cha saa tisa kinaweza kujaa wavulana watupu bila mtu kukusudia. Mtoto mwenye ulemavu naye aalikwe kwa jina, kwa kupitia wazazi wake, kwani tangazo la jumla huwa halimfikii.

Mwaka 1992 Roger Hart, katika andiko lake la UNICEF, aliupanga ushiriki wa watoto kama ngazi yenye vidaraja 8. Vitatu vya chini hakuvihesabu kuwa ushiriki: kuwatumia watoto kwa shabaha za wakubwa, kuwafanya pambo, na kuwashirikisha kwa jina tu. Watoto wanaoitwa siku ya uzinduzi wachovye viganja kwenye rangi na kuvibandika ukutani, hali kiwanja kilishajengwa, wako humo. Si vibaya kupaka rangi, wanafurahi. Lakini usiandike kwenye ripoti kwamba walishiriki kubuni.

Ndani ya Mji Mkongwe ukuta una habari yake zaidi. Mji huo ni Urithi wa Dunia tangu 2000, na kabla ya kugusa kuta zake unakwenda kwanza kwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Kuna sababu ya kiufundi pia: kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zinatoa unyevu nje, na rangi ya mafuta au ya plastiki inaufungia ndani mpaka plasta inabanduka. Huko afadhali sanaa ya kuhamishika: vitambaa vya kutundika juu ya uchochoro, mikeka iliyochorwa michezo, mbao za kuegemeza barazani.

Mambo yasiyowezekana watoto waambiwe mapema. Wataomba bwawa la kuogelea, wataomba kiwanja kama walichokiona kwenye simu. Wajibiwe kwa kiasi halisi cha fedha na ukubwa wa ardhi, kisha waachwe wachague wenyewe kipi kibaki. Mtoto wa miaka tisa anaelewa kwamba pesa inatosha pembea mbili au paa la kivuli, na uchaguzi wake huenda ukakushangaza. Michoro yao isitumike kwenye mabango bila ridhaa yao na ya wazazi, na nakala zirudi skuli au chuoni, zibandikwe pamoja na karatasi inayoeleza nini kimechukuliwa, nini kimeachwa na kwa nini.

Kiwanja kikishafunguliwa, miezi michache baadaye watoto walewale warudi na madaftari: mnyororo gani umelika, kona gani imegeuka jaa la taka, nani amefukuzwa na nani. Orodha hiyo inakwenda kwa sheha na manispaa ikiwa na mchoro unaoonyesha kila kasoro ilipo, na fungu la matengenezo linatakiwa liwe limeshatengwa kabla fundi hajachimba shimo la kwanza.