Gesi ya Mtwara haimo kwenye mtungi wako: tunayoyaamini Dodoma kuhusu umeme, mkaa na utajiri wa nchi

Kila bei ya gesi inapopanda hapa Dodoma, maneno ni yaleyale, sokoni Majengo na kwenye daladala: "Gesi ni yetu, inatoka Mtwara, mbona tunauziwa bei hii?" Hasira hiyo ni halali, ila haijalenga panapostahili. Gesi ya mtungi haitoki Mtwara.

Gesi asilia ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974, na ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa 1982, ni methani kwa sehemu kubwa. Methani hata uigandamize vipi, kwenye joto la kawaida haiwi kimiminika, ndiyo maana inasafirishwa kwa bomba. Kilichomo kwenye mtungi ni propani na butani, ambazo zinakubali kuwa kimiminika kwa mgandamizo wa wastani na hupatikana pia kwenye viwanda vya kusafisha mafuta. Hizo tunaziagiza nje. Meli inashusha Dar es Salaam au Tanga, kisha lori linapandisha mzigo hadi huku kwetu. Kwa hiyo mtungi wa kilo 15 unafuata soko la dunia, thamani ya dola na gharama ya usafiri, na Mtwara haina mkono hapo.

Ya Mtwara tunaitumia, lakini kupitia waya. Bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam, lililokamilika 2015, linalisha mitambo ya umeme ya Kinyerezi, pamoja na viwanda na magari. Ile hesabu maarufu ya futi za ujazo trilioni 57 za gesi iliyogunduliwa nchini ni kweli, ila sehemu kubwa iko chini ya bahari ya kina kirefu na haijaanza kuchimbwa. Mtu anayekuambia tumeshakalia mabilioni yake anahesabu mahindi ambayo hayajapandwa.

"Tuna Bwawa la Nyerere, umeme hauna sababu ya kukatika." Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024, na sasa uwezo wa kuzalisha nchini unazidi mahitaji. Ila kuzalisha ni jambo moja na kufikisha ni jingine. Umeme unatoka Rufiji kwa njia ya kilovoti 400 hadi Chalinze, unaendelea kwa njia kubwa hadi vituo vya kupoza kama Zuzu hapa Dodoma, ndipo unaingia kwenye nguzo na transfoma za mtaani. Dodoma imepanuka kwa kasi tangu Serikali ianze kuhamia kwa kishindo mwaka 2016. Mtaa uliojengewa transfoma ya nyumba hamsini sasa una mashine za kusaga, saluni na mafundi wa kuchomelea. Transfoma ikizidiwa, hata mabwawa kumi hayakusaidii jioni hiyo.

Nalo bwawa la umeme la Mtera, kina chake kikishuka watu husema ni kwa sababu Dodoma hainyeshi. Mvua yetu, milimita kama 550 hadi 600 kwa mwaka, kati ya Desemba na Aprili, haikuwahi kulijaza. Maji mengi ya Mtera huletwa na Ruaha Mkuu, kutoka bonde la Usangu na nyanda za juu za Mbeya na Njombe, pamoja na Ruaha Mdogo wa Iringa. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990, Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kabisa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hasa kwa sababu maji yanachepushwa kwenda kwenye mashamba ya mpunga huko juu. Mtera ina megawati 80, lakini kazi yake kubwa ni kulitunzia maji bwawa la Kidatu, lenye megawati 204. Bakuli la wali wa Usangu na taa ya Dodoma vinagombea maji yaleyale, na ningependa jambo hili lizungumzwe zaidi kuliko tunavyozungumzia mawingu.

"Dhahabu yote inaondoka bure." Sheria za 2017, zilizopitishwa hapahapa bungeni, zinaipa Serikali mrabaha wa asilimia 6 kwenye dhahabu, ada ya ukaguzi ya asilimia 1, na hisa zisizopungua asilimia 16 kwenye kampuni kubwa za uchimbaji bila kuzilipia. Hata hivyo, madini yote kwa pamoja ni kama asilimia 10 tu ya pato la taifa. Wengi wetu bado tunaishi kwa jembe.

Sasa mkaa. Tanuri la udongo la kienyeji hutoa kilo 10 hadi 20 za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni. Gunia la lumbesa unaloliona kwenye pikipiki barabara ya Kondoa limekula miti mingi kuliko linavyoonekana. Lakini kumtupia mchoma mkaa lawama zote si haki. Msitu mwingi unafyekwa kwa ajili ya mashamba, na mara nyingi mkaa ni mauzo ya pembeni ya shamba jipya la alizeti au mahindi. Ukimkamata mwenye pikipiki na kuliacha shamba, umekamata mkia.

Na wanaosema umeme ni ghali kupikia wanafikiria jiko la koili. Kwenye sufuria la presha la umeme, kilo moja ya maharage huiva kwa chini ya uniti moja, na uniti kwa mteja wa kawaida wa nyumbani ni kama shilingi 356. Linganisha na mkaa unaoteketeza kwa maharage hayohayo. Kikwazo cha kweli ni bei ya sufuria lenyewe. Mama anayenunua mkaa kwa kopo kila siku hana mahali pa kutoa fedha hiyo kwa mkupuo, na hapo ndipo mkopo nafuu ungefaa kuliko semina.

Dhana inayoniuma kuliko zote ni hii: "Dodoma ni jangwa, ndivyo Mungu alivyoiumba." Waulize watu wa Kondoa. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo lililoharibika vibaya, lenye makorongo ya kumeza nyumba. Wafugaji waliumia, na hilo lisisahaulike. Lakini nyasi zilirudi, vichaka vikarudi, na baadaye ng'ombe wa maziwa wakarudi wakiwa wa kufugwa bandani.

Leo kuna njia isiyohamisha mtu: kisiki hai. Chini ya mashamba yetu mengi mizizi ya migunga na mikole bado iko hai. Unachagua kisiki kinachochipua, unaacha machipukizi machache yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine unayapogoa, unafunga kitambaa kama alama ili mlimaji na mchungaji wajue, kisha unakitunza. Mzizi tayari uko kwenye unyevu, hivyo hakuna kumwagilia wala kununua miche. Matawi unayopogoa ndiyo kuni za nyumbani. Kijiji kinachotaka kuanza kinahitaji panga kali, vitambaa vya zamani, na makubaliano ya mkutano wa kijiji kuhusu mbuzi watachungwa wapi baada ya mavuno.