Jeni kuenea si ushahidi kwamba ina faida

Nasikia mara nyingi: jeni fulani imeenea sana katika jamii fulani, basi lazima inawasaidia. Hoja hiyo haitoshi. Mwaka 1968 mwanajenetiki Motoo Kimura wa Japani alieleza kwamba mabadiliko mengi ya DNA yanayoota mizizi katika viumbe hayana faida wala hasara. Mtoto hurithi nusu ya jeni za kila mzazi, na nusu ipi ni bahati. Vizazi vikipita, aina moja ya jeni hupotea na nyingine huenea bila kumfaa yeyote.

Sasa uteuzi asilia, yaani aina kuenea kwa sababu wanaoibeba huishi na kuzaa zaidi, tutautambuaje? Mimi huanza na muda, kwa sababu bahati ni ya polepole mno. Katika jamii yenye wazazi 10,000, badiliko jipya lisilo na faida, likijaliwa kuwafikia wote, huchukua kwa wastani vizazi kama 40,000, yaani takriban miaka milioni 1. Muda huo huacha alama. Kila yai au mbegu ya kiume inapotengenezwa, kromosomu za mzazi, yaani nyuzi ndefu za DNA, hubadilishana vipande, hivyo DNA inayozunguka badiliko hilo huzidi kukatwakatwa. Ukikuta aina iliyoenea sana huku DNA ya pande zake ikiwa bado nzima kwa urefu mkubwa, hiyo ni changa, na imepanda kwa kasi ambayo bahati haina.

Mfano ninaoupenda uko hapa kwetu. Binadamu wengi, wakishaacha kunyonya, hupunguza kutengeneza laktesi, kimeng'enya kinachosaga sukari ya maziwa. Mwaka 2007 mwanajenetiki Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kuwa wafugaji wengi wa Kenya na Tanzania wana badiliko la herufi moja ya DNA, G kuwa C, karibu na jeni ya laktesi, linaloiacha ikifanya kazi hadi utu uzima. Kromosomu zinazolibeba zinafanana kwa zaidi ya herufi milioni 2. Umri wake ulikadiriwa kuwa kati ya miaka 3,000 na 7,000 hivi, kipindi ambacho ng'ombe walikuwa wakiingia ukanda huu.

Tahadhari ni moja, nayo ni kubwa. Jamii iliyowahi kupungua sana, kisha ikaongezeka, huweza kuonyesha alama kama hizo. Lakini historia ya namna hiyo hugusa jenomu nzima, yaani DNA yote, ilhali uteuzi hugusa mahali pamoja. Ndiyo maana hatupimi jeni moja bila kuilinganisha na nyingine nyingi.

Kinachonishawishi zaidi ni kwamba Waarabu na Wazungu wana mabadiliko yao tofauti, katika kipande kile kile kifupi cha DNA, yenye matokeo yale yale. Bahati hairudii hivyo.

Kilichobaki ni sababu: je, ilikuwa lishe, au ni kupata maji kwenye maziwa wakati wa ukame bila kuharisha? Alama za DNA zinaonyesha kwamba uteuzi ulipita. Zenyewe haziwezi kutuamulia hilo.