Je, wajua kwa nini anayesomea umisheni anafundishwa habari za ukoo, hasira na homa?

Ukimwambia mtu pale Mwanjelwa, Mbeya, kwamba unasomea umisheni, yaani kazi ya kupeleka Injili kwa watu wa utamaduni mwingine, atadhani unashinda na Biblia asubuhi mpaka jioni. Akifungua daftari lako akakuta michoro ya koo, nani anaoa wapi, nani anamkwepa nani, nani akikasirika mwingine anaugua, anashangaa: sasa hii ni Injili au umeingia kozi ya wazungu wanaochunguza makabila?

Tuanze na hilo la wazungu maana ndo linapoteza wengi. Watu wanaamini kozi hizi ni za mtu anayetoka Ulaya, kwamba Mtanzania hazihitaji, sisi wote ni Wabantu na Kiswahili tunacho. Si kweli hata kihistoria. Mwaka 1876 William Koyi, Mxhosa wa kule Afrika Kusini, alifika Ziwa Nyasa na misheni ya Livingstonia iliyotoka Scotland, na huyo ndo aliyewafungulia Waskoti mlango kwa Wangoni, kwa sababu lugha yao ilikaribiana na yake na heshima za kwao alizielewa. Alikuwa Mwafrika kwa Waafrika, lakini bado alikuwa mgeni.

Na kufanana ndo kunadanganya zaidi. Mzungu akifika kijijini anajua hajui kitu, anauliza. Mwinjilisti wa Kihehe akihamia Rungwe anasikia Kiswahili chake mwenyewe, anaona migomba na mahindi, basi anajiona yuko nyumbani na haulizi. Mfano mmoja tu. Kwa desturi ya Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, mke wa kijana anamkwepa kabisa baba mkwe wake, hata kuonana naye ni mwiko, ingawa leo si kila ukoo unashika hivyo na mjini Mbeya huwezi kukuta ilivyokuwa zamani. Sasa mwinjilisti anamaliza ibada, anasema wote tutoke tupange mstari tushikane mikono, mama mmoja anabaki amejibanza ukutani na kitenge usoni, na mgeni wetu anaandika kwenye ripoti kwamba yule mama ana moyo mgumu. Hapo Biblia anaijua vizuri tu, ila hajui anachokiangalia.

Historia nitaipitia haraka. Wamisionari wa Berlin na Wamoraviani walifika Unyakyusa mwaka 1891 wakipitia Ziwa Nyasa, wengi wao wakajifunza mila wakiwa kazini, kwa kukosea. Mwaka 1910 mkutano mkubwa wa umisheni kule Edinburgh ulikuwa na tume nzima ya maandalizi ya wamisionari, na ikasisitiza wasome dini za wenyeji, jamii na lugha kabla ya kwenda.

Lakini kitu kinachonivutia kuliko vyote kwenye somo hili kilikuja mwaka 1982. Paul Hiebert, mwanaanthropolojia, yaani msomi wa jamii na tamaduni, aliyezaliwa India kwa wazazi wamisionari, aliuliza kwa nini Wakristo wazuri kabisa Jumapili wako kanisani na siku ya shida wako kwa mganga. Jibu rahisi ni kwamba imani yao haba. Hiebert akasema hapana, mmisionari ndo aliyeacha pengo. Alileta majibu ya juu, Mungu, dhambi, uzima wa milele. Akaleta ya chini, hospitali, shule, kilimo. Katikati hakuweka kitu, na katikati ndo kuna mizimu, laana, uchawi, bahati, na lile swali la kwa nini niugue mimi na si jirani.

Fikiria barabara ya Iringa wajenge lami safi Ruaha Mbuyuni, waendelee na lami safi Ilula, halafu mlima Kitonga ulio katikati wauache msitu. Watu hawataacha kusafiri. Watapanda kwa njia za panya, na utawalaumu bure, maana lazima wapande na wewe hukuwawekea barabara.

Ndo maana ya homa kwenye daftari. Godfrey na Monica Wilson waliokaa Unyakyusa miaka ya 1930 walieleza kwamba watu waliamini hasira ya baba au manung'uniko ya wanakijiji yanaweza kumletea mtu ugonjwa, na dawa yake ni wenye kinyongo kukisema wazi, kisha mkubwa wa ukoo anapuliza maji mdomoni kama baraka. Mgonjwa wa namna hiyo ukimpa kwinini na sala fupi, homa utaishusha, ila anaondoka akiwaza nani ana kinyongo naye, na swali hilo atalipeleka kwingine. Bila shaka hiyo ni picha ya miaka tisini nyuma, usiende Tukuyu leo ukamsomea mtu kana kwamba ndo maisha yake. Wala si kila mmisionari alikuwa kipofu, Traugott Bachmann kule Mbozi anakumbukwa kwa jinsi alivyojifunza kuziheshimu mila za Wanyiha.

Kuhusu kuziba hilo pengo, Hiebert alipendekeza hivi: kwanza muikusanye desturi yote bila kuihukumu, mfungue Maandiko pamoja, halafu wenyeji wenyewe waamue lipi libaki, lipi liachwe, lipi lipewe sura mpya. Kupatana kwa kutamka kinyongo, kwa mfano, mbona Mathayo 5 inaagiza uache sadaka yako madhabahuni ukapatane kwanza na ndugu yako? Kanisa linaweza kulichukua hilo kwa mikono miwili, na lile la kupuliza maji wakalijadili. Kwa maoni yangu hatua ya wenyeji kuamua ndo ngumu kuliko zote, kwa sababu mmisionari aliyesoma miaka mitatu anatakiwa afungue Maandiko, aseme analoliona, halafu akubali uamuzi wa wazee na akina mama wa kijiji hata kama yeye angeamua vingine.