Jiko linang'aa, lakini limekauka? Maswali na majibu kuhusu usafi wa kina wa jikoni

Mwezi wa Shaabani ukifika katikati, huku kwetu Pwani vyombo vyote hutolewa uani. Masufuria yanasuguliwa kwa majivu mpaka unaona sura yako ndani yake, milango ya makabati inaachwa wazi, na hakuna anayetaka vunja jungu, ile karamu ya kabla ya kuanza mfungo wa Ramadhani, limkute na jiko chafu. Miaka yote nimekuwa nikifanya kazi ya elimu ya afya mitaani, na huu ndio mwezi ninaoulizwa maswali mengi ya jikoni kuliko mwezi mwingine wowote. Nimeyaweka hapa yale yanayorudi kila mara.

Mimi naosha vyombo na kufagia kila siku. Usafi wa kina una faida gani zaidi?

Usafi wa kila siku unashika vile tunavyovitumia na kuviona. Nyuma ya friji, chini ya jiko, ndani ya droo ya vijiko na kwenye mpira wa mlango wa friji hakuna anayefika. Humo ndimo makombo, mafuta na maji vinapokaa pamoja kwa miezi.

Vimelea vya magonjwa vinahitaji chakula, joto na unyevunyevu. Joto la Pwani hatuna la kulifanya, na chakula jikoni hakikosekani. Unyevunyevu ndio ulio mikononi mwetu. Ndiyo maana ninasisitiza kukausha kuliko kung'arisha. Sufuria iliyosuguliwa ikameta, kisha ikafunikwa ikiwa bado na maji ndani, siihesabu kuwa safi.

Jambo lenyewe si dogo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 600 huugua kila mwaka kwa sababu ya chakula kisicho salama, na 420,000 kati yao hufariki. Watoto wa chini ya miaka 5 ni 125,000 katika hao waliofariki. Mtoto wa mwaka mmoja akiharisha, tusikimbilie kusema "anaota meno". Tuangalie kwanza kikombe chake kimekaushwa na nini.

Nianzie wapi? Nikilitazama jiko lote nachoka kabla sijaanza.

Anza kwa kutoa, usianze kwa kuosha. Tandika mkeka uani, toa kila kitu, kisha gawa mafungu matatu: vya kila siku, vya shughuli na wageni, na visivyo na kazi tena. Hilo fungu la tatu ndilo linalotushinda. Makopo ya Blue Band yasiyo na vifuniko, kikaango kilichobanduka, mwiko uliopasuka, vyote vinakula nafasi na kuficha mende. Viage leo.

Kisha safisha kutoka juu kwenda chini: masizi na utando wa buibui darini, wavu wa dirisha, rafu, makabati, meza, jiko, sinki, na sakafu mwisho. Ukianza na sakafu utaipiga deki mara mbili. Mafuta yaliyoganda usipigane nayo yakiwa makavu. Mwagia maji ya moto yenye sabuni, subiri dakika kumi, ndipo usugue.

Jiko la gesi funga kwanza koki ya mtungi. Toa vichwa vya moto, vioshe, zibua vijitundu kwa sindano, na usivirudishe mpaka vikauke kabisa. Moto unapaswa kuwa wa bluu. Ukiwa wa njano na unapaka sufuria masizi, bado kuna kilichoziba. Ukimaliza, paka povu la sabuni kwenye mpira na maungio yake, kisha fungua koki. Povu likitoa mapovu, gesi inavuja. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inakaa chini sakafuni, kwa hiyo ukisikia harufu fungua mlango na madirisha, funga koki, na usiguse swichi ya taa wala kiberiti.

Kitambaa cha jikoni nakifua kwa sabuni kila jioni. Mbona bado kinanuka?

Kwa sababu kimelala kikiwa na maji. Harufu ile inatoka kwa bakteria walio hai ndani ya uzi, nao hawaogopi sabuni kidogo na maji baridi. Kichemshe dakika tano, kikamue, kisha kianike juani hadi kikauke, si kwenye bomba la sinki. Uwe na vitambaa vitatu vinavyotofautiana rangi, cha meza, cha vyombo na cha mikono. Kimoja kikifanya kazi zote, kinachukua uchafu wa nyama mezani na kuupaka kwenye kikombe.

Sponji ni mbaya zaidi. Watafiti nchini Ujerumani waliochunguza sponji 14 zilizotumika majumbani, wakatoa matokeo yao mwaka 2017, walikuta sehemu nyingine zina bakteria zaidi ya bilioni 50 kwa sentimita moja ya ujazo. Sponji badilisha mara kwa mara. Mimi napendelea dodoki la asili, kwa sababu ukilitundika linapitisha hewa na kukauka upesi.

Mbuzi ya nazi nitaisafishaje, na ni ya mti?

Nafurahi kuulizwa hili, maana mbuzi husahaulika hata na watu wasafi sana. Hivi karibuni nilishika mbuzi ya jirani yangu. Kwa mbali ni safi, mti wake mweupe, meno yake yanametameta. Nikaigeuza, nikapitisha kijiti cha meno pale chuma kinapoingia kwenye mti. Kikatoka na utando wa kijivu, laini kama siagi, unaonuka mafuta yaliyochacha. Na nazi inayokunwa hapo ndiyo ya tui la uji wa mtoto.

Chukua mswaki mkuukuu, maji ya moto na sabuni, sugua kufuata meno na ule mpaka wa chuma na mti pande zote mbili. Suuza kwa maji ya moto. Usiiloweke, kwa sababu mti unakunywa maji na kupasuka, na kila ufa ni nyumba mpya ya uchafu. Ianike juani, ikikauka itundike mahali ambapo watoto hawafiki. Kifumbu au chujio la tui, chemsha. Kinu na mchi, osha kwa maji ya moto kisha uvilaze juani siku nzima.

Ubao wa kukatia nao uwe na mwenzake: mmoja wa nyama, kuku na samaki wabichi, mwingine wa vinavyoliwa bila kupikwa kama kachumbari na matunda. Ubao wenye mifereji ya kisu hauoshiki tena. Mpelekee seremala aupige randa, au uutupe.

JIK, ile dawa ya klorini ya kuua vijidudu, niitumie kiasi gani?

Kidogo kuliko unavyofikiri, na baada ya sabuni, si badala yake. Uchafu unaila nguvu ya klorini, hivyo ukimimina juu ya mafuta umepoteza dawa. Ikiwa chupa imeandikwa klorini asilimia 3.5, kijiko kikubwa kimoja (mililita 15) katika lita mbili na nusu za maji baridi kinatosha kwa ubao, meza na sinki. Acha dakika chache, suuza kwa maji safi, kausha. Changanya ya siku hiyo tu, kwani ikikaa inapungua nguvu.

Mama mmoja aliniambia huwa anaitia siki "ili iwe kali". Akasema akifanya hivyo macho yanamwasha na kifua kinambana. Ndugu zangu, ile ni gesi ya klorini, inaunguza mapafu. JIK usiichanganye na siki, wala ndimu, wala dawa ya choo, wala dawa yoyote ya kusafishia yenye amonia. Ichanganye na maji matupu, dirisha likiwa wazi.

Kuku nisipomwosha kwa ndimu, si atakuwa na shombo?

Najua, na sikulaumu, ndivyo tulivyolelewa. Lakini bakteria wa kuku mbichi, kama salmonela, wanaruka na matone ya maji hadi kwenye sahani zilizo kando, na ndimu haiwaui. Kinachowaua ni moto, nyama ikifika nyuzi 70 hadi ndani kabisa, pale mchuzi wa karibu na mfupa unapotoka bila wekundu. Kama huwezi kuacha, mwoshe ndani ya beseni, polepole, bila kufungulia bomba juu yake, vyombo vyote vikiwa vimeondolewa. Kisha beseni, sinki na mikono vioshwe kwa sabuni kabla hujagusa kitu kingine.

Unga na karanga zilizoota ukungu kidogo, nikizichagua na kuzianika si zinafaa?

Hazifai. Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu, sumu inayoharibu ini, na kuliwa kidogo kidogo kwa muda mrefu huleta saratani ya ini. Kupika hakuiondoi. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani nchini Kenya, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafariki. Usimpe ng'ombe pia, kwa sababu sumu inatokea kwenye maziwa.

Hapa ndipo kupanga kunapokuwa kinga. Unga, mchele na maharage vikae kwenye ndoo au madebe yenye mifuniko inayobana, juu ya kichanja au mbao, visiguse sakafu wala ukuta. Na tuache tabia ya kumimina unga mpya juu ya wa zamani. Maliza wa kwanza, osha ndoo, ianike, ndipo utie mwingine. Bandika karatasi yenye tarehe uliyonunua. Vya zamani viwe mbele, vipya nyuma.

Nimekuta mavi ya panya kwenye kabati. Nifagie?

Usifagie yakiwa makavu, vumbi lake utalivuta. Vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, yaloweshe kwa maji yenye JIK, subiri dakika tano, futa kwa karatasi na uitupe. Osha vyombo vyote vilivyokuwamo, hata vinavyoonekana safi. Mkojo wa panya hauonekani, na ni miongoni mwa njia za homa ya mgunda, ugonjwa ambao mwaka 2022 uliwapata watu 20 wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, na watatu wakafariki. Ziba matundu kwa saruji au steelwaya. Mende nao wanafuata maji: kausha sinki kabla ya kulala, na usiache vyombo vimelowekwa usiku kucha.

Tunaishi chumba kimoja, jiko ni kona nyuma ya mlango. Nitapangaje?

Panda juu. Kreti mbili za mbao ukutani ni kabati tosha: juu vikavu, chini masufuria yaliyokauka. Maji ya kunywa yawe kwenye ndoo yake, yenye mfuniko na koki, ili mkono na kata visiingie ndani. Vyombo vikitoka kuoshwa viende kichanjani nje, jua lifanye kazi. Jiko la mkaa likae nje wakati wote linapowaka. Hewa yake ya sumu haina harufu na inaua watu usingizini, hata mkaa ukionekana unakaribia kuzima.

Mafuta ya taa na dawa za usafi niweke wapi?

Bibi mmoja ndiye aliyeniuliza, baada ya mjukuu wake wa miaka miwili kunywa mafuta ya taa kwenye chupa ya soda iliyokuwa chini ya meza. Mtoto alipona. Popote unapoviweka, visikae kwenye chupa ya soda wala ya maji ya kunywa, kwa sababu mtoto anaijua chupa, hajui kilichomo. Viache kwenye vyombo vyake vya asili, juu, nyuma ya mlango unaofungwa, mbali na chakula.

Ikitokea mtoto amekunywa, usimtapishe na usimpe maziwa. Mafuta yakirudi kooni huingia kwenye mapafu, na hapo hatari inazidi. Mvue nguo zilizolowa, mfute mdomo, mpeleke kituo cha afya wakati huohuo hata kama anacheka na kucheza, na ubebe ile chupa ili mganga aone ni kitu gani.